Mashine ya Pumzi Usingizini: Mambo Sita ya Kupima Kabla ya Kutoa Fedha

Mhadhara kwa wananchi, Kampala

 

Uganda imewahi kulipa gharama kubwa kwa maradhi yanayogusa usingizi. Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari wa Hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini, na katika miaka iliyofuata ukanda wa Ziwa Victoria, hasa Busoga, ulipoteza watu zaidi ya laki mbili. Ugonjwa unaozungumziwa leo hauletwi na mbung'o wala kimelea. Makao yake ni kooni. Mtu analala, misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Pumzi inakatika kwa sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine hata dakika nzima. Ubongo unashtuka, mlalaji anavuta hewa kwa kishindo, kisha mzunguko unaanza upya. Asubuhi anaamka na kichwa kizito, na mchana anasinzia ofisini, msikitini, kanisani au, jambo la hatari zaidi, kwenye usukani.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili, yaani apnia ya usingizi, kwa kiwango fulani, na milioni 425 kati yao wanalo kwa kiwango cha kati au kikali. Tiba kuu kwa hao wa kiwango cha kati na kikali ni mashine ndogo ya mezani inayosukuma hewa puani usiku kucha, ambayo madaktari huiita CPAP.

Lengo la mhadhara huu ni kumsaidia mkazi wa Kampala, au jamaa anayemnunulia akiwa ng'ambo, kuchagua mashine hiyo bila kupoteza fedha na bila kujidhuru. Msimamo unaobeba hoja zote sita ni kwamba mashine huchaguliwa kwa kipimo cha mgonjwa, kwa uso wake na kwa nyumba yake. Sifa zilizochapwa kwenye boksi zinafuata nyuma ya hayo matatu.

Kwanza, neno fupi juu ya asili yake. Kabla ya mwaka 1980 mgonjwa mwenye hali kali alitobolewa tundu kooni ili apumue usiku. Mwezi Juni mwaka huo, mjini Sydney, daktari Colin Sullivan alimjaribia mgonjwa wake njia nyingine: mota ya kufyonza vumbi iligeuzwa ili ipulize, hewa ikapitishwa kwenye mpira hadi puani. Mgonjwa akalala usiku mzima. Mwaka uliofuata Sullivan na wenzake walichapisha habari za wagonjwa watano katika Lancet. Shinikizo walilotumia lilikuwa kati ya sentimita 4.5 na 10 za maji, yaani asilimia moja hivi, au chini yake, ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Hewa hiyo haimpumulii mgonjwa. Inazuia kuta za koo zisigusane, kama upepo unavyoushikilia mpira wa baiskeli usikunjamane.

Wauguzi wa watoto waliomo ukumbini wanakifahamu kipimo hicho cha sentimita za maji. Katika wodi za watoto njiti mrija wa kutolea pumzi huzamishwa ndani ya chupa ya maji, na kina cha mrija ndicho kinachoamua shinikizo. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ilipoanza kutumia mashine nafuu za mapovu, vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana vilipungua, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 2019. Kwa hiyo elimu ya msingi ya CPAP ipo nchini tayari. Kinachohitajika sasa ni kuipeleka chumbani kwa mtu mzima.

Hoja ya kwanza: kipimo kitangulie duka

Kukoroma peke yake si ugonjwa. Wapo wanaotikisa ukuta na pumzi zao hazikatiki, na wapo wanaokoroma kwa upole huku oksijeni yao ikishuka mara mia usiku. Anayenunua mashine kwa sababu mkewe amehamia chumba cha watoto ananunua kwa kubahatisha.

Hatua ya kwanza haina gharama. Daktari Frances Chung na wenzake wa Toronto walitunga mwaka 2008 maswali manane yanayotumika sasa duniani kote. Je, mtu anakoroma kwa sauti kubwa? Anachoka mchana? Kuna aliyemwona pumzi ikikatika? Ana presha? Uzito wake, kwa kulinganisha na urefu, unapita 35 kwenye kipimo cha BMI? Umri umepita miaka 50? Shingo imepita sentimita 40? Ni mwanamume? Majibu matatu ya ndiyo yanatosha kumpeleka mtu kwa daktari. Matano au zaidi yanaashiria hatari kubwa. (Wanaojishika shingo sasa hivi wasione aibu. Fundi yeyote wa nguo ana tepu.)

Hatua ya pili ni kipimo chenyewe. Kipimo cha nyumbani huwa na mrija mdogo puani, mkanda kifuani na kifaa cha oksijeni kidoleni. Kipimo cha hospitali huongeza waya za ubongo, macho na miguu. Vyote hutoa namba moja muhimu: wastani wa mara ambazo pumzi hukatika au kupungua kwa saa. Kuanzia 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama mashine inahitajika kweli. Mwenye hali nyepesi anaweza kusaidiwa na kupunguza uzito, kuacha pombe ya jioni, kulala ubavu, au kifaa cha meno kinachovuta taya la chini mbele. Mtoto anayekoroma mara nyingi ana tezi kubwa za koo na pua, na daktari wa masikio, pua na koo ndiye wa kuonwa kabla ya muuza mashine.

Hoja ya pili: aina ya mashine ifuate ugonjwa

Dukani mashine hizi hufanana, lakini kazi zake zinatofautiana. Ya kwanza ni CPAP ya kawaida, ambayo hutoa shinikizo moja lililowekwa na mtaalamu. Ya pili ni ile inayojirekebisha yenyewe: hupewa kiwango cha chini na cha juu, kwa kawaida ndani ya sentimita 4 hadi 20, na hupanda au kushuka kadiri koo linavyoziba. Kwa mgonjwa asiye na maradhi mengine mazito, aliyepimwa nyumbani, hii ya pili mara nyingi ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa kuwa haimlazimu kurudi kulala hospitali ili shinikizo lake litafutwe.

Ya tatu ni BiPAP, yenye shinikizo kubwa wakati wa kuvuta hewa na dogo wakati wa kuitoa. Huandikiwa wenye udhaifu wa misuli ya kupumua, wenye unene uliozidi na hewa chafu kubaki mwilini, au walioshindwa kuvumilia shinikizo kubwa la CPAP. Ya nne ni mashine inayofuatisha kila pumzi na kuisahihisha papo hapo. Hapa tahadhari inahitajika: utafiti wa SERVE-HF, uliochapishwa mwaka 2015, uligundua kwamba kwa wagonjwa wa moyo uliodhoofika sana, wenye apnia inayotokana na ubongo, mashine hii iliongeza vifo vya maradhi ya moyo. Mashine ghali kuliko zote kwenye rafu inaweza kuwa mbaya kuliko zote kwa mgonjwa fulani.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa Kampala wanapaswa kulitenganisha. Wakati wa korona familia nyingi zilinunua mashine za kuzalisha oksijeni, na baadhi bado zimekaa pembeni ya kabati. Mashine hiyo huongeza oksijeni katika hewa lakini haifungui koo lililoziba. Kumwekea mwenye apnia badala ya CPAP ni kumtibu nusu, na kwa baadhi ya wagonjwa kunaweza kurefusha vipindi vya kukosa pumzi.

Hoja ya tatu: barakoa ndiyo inayoamua

Wanunuzi wengi hutumia siku nyingi kulinganisha mashine na dakika tano kuchagua barakoa. Mpangilio ugeuzwe. Utafiti mkubwa wa SAVE wa mwaka 2016, uliofuatilia watu zaidi ya 2,600 wenye maradhi ya moyo au waliowahi kupata kiharusi, haukuona CPAP ikipunguza mashambulio mapya, ingawa usingizi wa mchana ulipungua na hali ya maisha ikawa bora. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 kwa usiku. Madaktari wengi wameisoma namba hiyo kama onyo: mashine inayovuliwa saa nane usiku haijapewa nafasi ya kufanya kazi. Kiwango cha chini kinachotumiwa na wataalamu wengi ni saa nne kwa usiku, angalau siku saba katika kila kumi.

Barakoa ziko za aina tatu kuu. Vijipira vinavyokaa kwenye matundu ya pua ni vyepesi na humfaa mwenye ndevu, au asiyependa kitu usoni. Ya pua hufunika pua peke yake na huvumilia shinikizo la juu zaidi. Ya pua na mdomo humfaa anayepumua kwa mdomo au mwenye pua inayoziba mara kwa mara, lakini ni pana, na upana huzaa mianya ya kuvuja. Nyuso hazilingani, na barakoa iliyomkaa vizuri mtu wa kwenye kijitabu inaweza kuvuja kwa mtu wa Ntinda. Kwa hiyo muuzaji aulizwe mapema: je, barakoa inaweza kujaribiwa mteja akiwa amelala chali na mashine ikiwa imewashwa? Ikivuja, itabadilishwa? Anayekataa yote mawili si muuzaji wa kurudiwa.

Tahadhari mbili zaidi. Matundu madogo ya barakoa ni ya kutolea hewa chafu. Yasizibwe kwa plasta kwa sababu eti yanapuliza mwenzi kitandani. Na baadhi ya barakoa zina vifungo vya sumaku. Mwenye kifaa cha moyo, au mume au mke wake anayelala karibu, asizikaribishe chini ya sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho. Watengenezaji wakubwa wawili walitoa onyo hilo mwaka 2022 na 2023.

Hoja ya nne: umeme, maji na vumbi

Mashine hizi zilibuniwa kwa nyumba ambazo umeme haukatiki. Kampala, chini ya wasambazaji wa umeme, kampuni ya Umeme jana na UEDCL leo, mgonjwa anahitaji hesabu yake mwenyewe.

Adapta za kisasa hupokea volti 100 hadi 240, hivyo mashine iliyotoka Marekani haitaungua kwa sababu ya volti, mradi maandishi ya adapta yasomwe kwanza na plagi ipatikane. Ugumu uko kwenye matumizi. Mashine isiyopasha maji hula wati 10 hadi 20. Ikipasha maji na mpira wa hewa, inaweza kupita 50. Chukua betri ya sola ya kawaida, volti 12 na ampea-saa 100. Ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600. Mashine ya wati 15 kwa saa nane hutumia 120, na betri itavumilia usiku nne hivi hata baada ya kutoa hasara ya inveta. Washa joto, matumizi yafike wati 60, na betri ileile inamaliza usiku mmoja. Mwenye umeme wa mashaka atafute mashine inayokubali waya wa volti 12 moja kwa moja, na ambayo joto lake linaweza kuzimwa.

Je, chombo cha unyevu ni cha lazima? Kampala si Ulaya ya baridi na hita. Hewa yake ina unyevu wa kutosha kwa watu wengi. Ila mwenye pua kavu au inayochuruzika damu atakihitaji. Kikitumika, kiwekewe maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba yakichemshwa, vijidudu hufa lakini chumvi hubaki na kugandia chombo. Maji yaliyokenekwa yanunuliwe duka la dawa, si kituo cha mafuta. Kwenye vituo vya mafuta chupa za maji ya betri na za asidi husimama rafu moja, na hapo hakuna nafasi ya kukosea.

Kuhusu vumbi, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukipima hewa ya jiji hili tangu 2015 kwa vifaa vilivyoundwa hapahapa, na vipimo vyake vimethibitisha kile ambacho kola za mashati zilikuwa zikisema. Mashine itavuta hewa hiyohiyo saa nane kila usiku. Chujio ambalo kijitabu kinasema libadilishwe baada ya mwezi, Kampala likaguliwe kila wiki, na mnunuzi achague mashine ambayo vyujio vyake ni rahisi na vinapatikana.

Kelele na mwinuko visimsumbue mtu sana. Mashine nyingi mpya hutoa sauti ya desibeli 27 hadi 30, kama mnong'ono, na Kampala yenye mita 1,200 hivi juu ya bahari iko ndani ya mipaka ya mashine zote za kawaida.

Hoja ya tano: mashine ina historia, iulizwe

Tarehe 14 Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine za kupumulia, zikiwemo DreamStation za toleo la kwanza. Sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele ilikuwa ikichakaa, na chembe au gesi zake zingeweza kuingia katika njia ya hewa ya mgonjwa. Idadi duniani ilipita milioni tano. Mwaka 2024 kampuni ilifikia makubaliano mahakamani na serikali ya Marekani na kuacha kuuza mashine mpya za usingizi katika soko hilo.

Habari hii inaihusu Kampala kwa njia ya masanduku. Shangazi aliyeko Boston au kaka aliyeko London anaona mashine ya bei poa, anaifunga, anaituma. Nia yake ni njema kabisa. Lakini kabla haijafungwa, asome jina la toleo na namba ya mfululizo iliyo chini yake, aziangalie kwenye orodha ya mtengenezaji, aulize imetumika saa ngapi na kama iliwahi kusafishwa kwa gesi ya ozoni. Philips ilisema ozoni huenda iliharakisha kuchakaa kwa sponji ile, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeonya mwaka 2020 kwamba haikuwa imeidhinisha vifaa vya ozoni kwa usafi huo. Sabuni laini, maji ya uvuguvugu na kivuli cha kukaushia vinatosha.

Mashine ya mtumba ikishapita uchunguzi huo, barakoa, mpira na chujio vinunuliwe vipya, na shinikizo lipangwe upya. Shinikizo la mtu mwingine halirithiwi.

Hoja ya sita: namba na vipuri

Mashine inayofaa hutoa hesabu kila asubuhi: saa zilizotumika, kiasi cha kuvuja, na mara ambazo pumzi bado inakatika. Namba hiyo ya mwisho ikikaa chini ya 5, tiba inafanya kazi. Ikibaki 12 au 15, daktari aonwe. Baadhi ya mashine hutuma takwimu kwa modemu, ambayo huenda haikutengenezwa kwa mitandao ya hapa. Kwa sababu hiyo kadi ya kumbukumbu inayotoka na kusomwa kwenye kompyuta yoyote ni sifa ya kuilipia. Ipo pia programu huria iitwayo OSCAR, isiyouzwa, inayosoma kadi za mashine nyingi na kumchorea mgonjwa usiku wake dakika kwa dakika.

Sifa mbili nyingine zina faida ya kweli: ile inayoanza na shinikizo dogo na kulipandisha taratibu mgonjwa akisinzia, na ile inayolipunguza kwa sentimita 1 hadi 3 wakati wa kutoa pumzi. Rangi ya kioo, taa na nyimbo za kuamsha visiongeze bei.

Mwisho wa hoja hii ni vipuri. Mpira wa kawaida una mdomo wa milimita 22 na huingia karibu kila mashine na kila barakoa. Baadhi ya mashine ndogo za safari hutumia mipira na barakoa zake pekee. Zinapendeza uwanja wa ndege wa Entebbe, lakini sehemu moja ikichanika mgonjwa anasubiri mzigo wa nje. Kabla ya kulipa, mteja auzunguke mji, kuanzia maduka ya vifaa vya tiba ya Wandegeya hadi katikati ya jiji, akiwa na swali moja: mto wa barakoa hii na chujio la mashine hii vipo leo, na ni bei gani? Asipopata jibu kwa angalau muuzaji mmoja, basi aachane na mashine hiyo, hata kama ndiyo inayosifiwa kuliko zote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda unakwisha na yaliyo mbele ni mengi. Uwezo wa nyumbani upo: mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, Kiira Motors na wataalamu wa Makerere walibuni kipumulio cha Bulamu. Taasisi ya Mapafu ya Makerere ipo Mulago, na Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha uhandisi wa vifaa vya tiba. Hakuna anayedai mashine nzima itengenezwe Kampala kesho. Lakini vyujio, mikanda ya barakoa, waya za volti 12 na mafunzo ya kusoma kadi viko ndani ya uwezo wa waliokaa ukumbini humu. Madaktari wanaombwa kuingiza maswali yale manane katika kliniki za presha na kisukari. Kampuni za bima zinaombwa kulipia kipimo, kwa maana mgonjwa aliyepimwa vizuri hununua mara moja. Na wenye mabasi na malori, katika nchi iliyopoteza watu zaidi ya 5,000 barabarani mwaka 2024 kwa hesabu ya Polisi, wanaombwa kuwapima madereva wao na kuwahakikishia kwamba atakayekutwa na tatizo atatibiwa, hatafukuzwa.

Kwa wengine wote ombi ni dogo. Atakayemsikia mwenziwe usiku wa leo akikoroma, akanyamaza, kisha akashtuka, amrekodi kwa simu kwa dakika tano, na wiki hii ampeleke kwa daktari pamoja na rekodi hiyo.